Ukumbi Ulioshindwa Kukereka

Hakuna mtu anayeijua Sheria ya Uvumilivu wa Dini kuliko mimi ninayewasimulia. Nimeisoma yote, vifungu themanini na vinne. Basi, nimesoma jalada. Lakini jalada nililisoma mara mbili, na ya ndani nilisomewa na mtu mwenye miwani, ambaye naye nilimwona kwa macho yangu akifungua kurasa mbili mbili.

Serikali ilitangaza kwa furaha kubwa kwamba kuanzia tarehe mosi wananchi wote watavumiliana. Kabla ya hapo, ilielezwa, walikuwa wakiishi pamoja tu, kiholela, bila utaratibu wowote. Waziri alisoma hotuba ya saa mbili na nusu, na watu wa dini zote wakasinzia bega kwa bega, jambo ambalo liliingizwa kwenye ripoti kama mafanikio ya robo ya kwanza. Ikaundwa Idara ya Uvumilivu. Idara ikapewa Mkurugenzi, Mkurugenzi akapewa gari, gari likapewa bendera. Jengo ndilo halikupatikana, kwa hiyo kwa miezi minne Idara ilikuwa inapatikana pale gari lilipoegeshwa.

Mama Funguo aliisikia hotuba hiyo redioni akiwa anasugua mikeka. Hakuitilia maanani. Alikuwa na kazi.

Huyu Mama Funguo alikuwa mtunza ukumbi. Zamani lilikuwa ghala la magunia, likawekwa madirisha, likaitwa ukumbi. Alikuwa na funguo zake kiunoni kwa miaka kumi na tisa, na nyuma ya ukumbi alikuwa na chumba chake: kitanda, jiko la mafuta, kabati lisilofunga, na dirisha moja la kuchungulia anayepita. Hakuwa na chumba kingine duniani. Baba yake alikuwa mtu wa Ijumaa, mumewe alikuwa mtu wa Jumapili, wote wawili wametangulia na huenda mpaka sasa bado wanabishana huko. Yeye alibaki na ufagio.

Wiki yake ilikuwa hivi. Alhamisi anasugua sakafu, anatandika mikeka, anajaza ndoo za maji ya kutawadhia. Ijumaa waumini wanaswali, wakitoka anakunja mikeka. Jumamosi anaburuta mabenchi arobaini, anatoa ngoma na kinanda kabatini. Jumapili waumini wanaimba, wakitoka anarudisha mabenchi. Jumatatu anaokota vilivyosahauliwa: kofia, leso, miwani, na siku moja meno ya bandia, ambayo mpaka leo haijulikani ni ya dini gani.

Sheikh wa Ijumaa alikuwa fundi redio. Mchungaji wa Jumapili alikuwa kinyozi. Vibanda vyao vilikuwa jirani na ukumbi, vimetengwa na ukuta wa bati. Mashine ya kinyozi ikikwama, fundi anaifungua. Ndevu za fundi zikizidi, kinyozi anazipunguza, na wakati huo wote wanasemana kama mawifi.

Jumanne asubuhi, akaja kijana mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, akajitambulisha kuwa Afisa Uvumilivu Mwandamizi, Daraja la Pili. Akawakusanya wote watatu ukumbini, akafuta benchi kwa karatasi, akakaa, akafungua jalada.

"Kifungu cha tisa," akasema. "Jengo lolote linalotumiwa na dini zaidi ya moja litakuwa na Cheti cha Uvumilivu, ama litafungwa kwa kufuli kwa usalama wa wanaovumiliana. Nimekuja kuwasaidia mpate cheti. Ni rahisi sana. Kila upande utaje kero zake juu ya dini ya upande wa pili."

Fundi akamtazama kinyozi. Kinyozi akamtazama fundi.

"Hatuna," fundi akasema.

"Mwanzoni wote husema hivyo. Tulieni. Mtakayosema ni siri. Yatasomwa na Idara tu, pamoja na magazeti."

"Mwanangu, hatuna kweli," kinyozi akasema.

"Hata ndogo?"

"Ndogo ipo," fundi akasema. "Huyu bwana ana bisibisi yangu tangu mvua za mwaka juzi."

Afisa akainua kalamu kwa matumaini. "Bisibisi hiyo ina uhusiano wowote na ibada?"

"Ina uhusiano na redio."

Afisa akashusha kalamu. Akaeleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa dawa zake, kwamba kuvumilia ni lazima uwe unavumilia kitu. Asiyekereka hana anachovumilia. Asiye na anachovumilia si mvumilivu. Na asiye mvumilivu, kwa mujibu wa sheria, ni hatari.

"Lakini tunaishi vizuri," Mama Funguo akasema.

"Kuishi vizuri hakuna kifungu, mama."

"Tumeishi hivi miaka kumi na tisa!"

"Bila kibali," afisa akasema, akaandika hilo pia.

Akawaachia Fomu ya Tamko la Kero, nakala mbili, na kijitabu cha muhtasari wa sheria. Kero zisipungue tatu kila upande. Alhamisi atapita kuzichukua. Ijumaa saa nne Mkurugenzi mwenyewe atafika na waandishi wa habari, ama kukabidhi cheti, ama kufunga kufuli. Vyote viwili vilikuwa tayari garini.

"Na chumba changu?" Mama Funguo akauliza.

"Kiko ndani ya jengo?"

"Kimeliegemea."

"Basi kitafungwa kwa kuegemea."

Mama Funguo hakulala vizuri, lakini hilo tuliache. Jumatano alasiri akawaita wale wawili chumbani kwake, akawakalisha kitandani kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja na alikikalia mwenyewe, akawapa kila mmoja fomu na kalamu.

"Hakuna mtu kutoka hapa mpaka mkereke," akasema. "Nina chumba kimoja. Nikitolewa humu nitahamia vibandani kwenu, wiki kwako sheikh, wiki kwako mchungaji, na nakoroma."

Wakaanza. Fundi akatafuna kalamu. Kinyozi akahesabu mabati ya dari. Ugumu ulikuwa huu: kila mmoja aliona aibu. Utamwandikaje mtu kero, na wewe kidevu chako kiko mikononi mwake kila Jumamosi? Utamwandikaje mtu, na mashine yako ya kunyolea iko mezani kwake imefunguliwa matumbo?

Ndipo fundi akapata wazo, na wazo lenyewe lilikuwa la heshima tupu. "Mchungaji, tufanye hivi. Mimi nijaze fomu yako, wewe ujaze yangu. Mimi nayajua ya kwetu yanayoweza kumkera mtu. Nitakuandikia unavyokerwa na sisi. Wewe uniandikie ninavyokerwa na nyinyi. Hivyo hakuna atakayemsema mwenziwe."

"Sheikh, una akili," kinyozi akasema. "Lete."

Wakabadilishana fomu. Kalamu zikakimbia. Kwa robo saa chumba kizima kilisikika kama kuku wanaparua. Mama Funguo akafurahi, akachemsha chai. Kisha wakarudishiana ili kila mtu asome kero zake kabla ya kutia saini, na hapo ndipo chai ilipopoa.

"Kero ya kwanza," kinyozi akasoma, "'maji yao ya kutawadhia hubaki mlangoni na siku moja nusura yanivunje kiuno.'" Akanyanyua uso. "Kumbe ulijua kwamba niliteleza?"

"Nilikuona. Nilikuwa nimesimama dirishani."

"Ukaniona, na ukasimama?"

"Ulinyanyuka mwenyewe! Nikaona ni vyema nisikuaibishe."

"Nilinyanyuka kwa kushika benchi, sheikh. Nilitembea kiupande mwezi mzima. Nikaja kwako ukaniuliza, 'Vipi, mchungaji, umelalia mkono?'"

Fundi naye alikuwa anasoma. "'Ngoma zao hutikisa ukuta mpaka redio za wateja wangu huanguka rafuni.'" Akavua miwani. "Ulikuwa unajua kuhusu redio?"

"Si zinasikika zikianguka?"

"Unazisikia zikianguka, na unaendelea kupiga?"

"Ibada ikishapamba moto, sheikh, huwezi kuikata katikati!"

"Redio mbili! Nikamdanganya mteja kwamba ni paka! Nina paka mimi?"

"Haya basi, na hii hapa, 'viatu vyao hurundikwa mlangoni kama mnada.' Mimi nimewahi kulalamikia viatu?"

"Hujawahi. Nimekuandikia."

"Kwa hiyo unadhani mimi ni mtu wa kulalamikia viatu!"

"Na wewe umeniandikia kwamba nyimbo zenu ndefu zinanichosha. Sikuwahi kuchoka. Lakini sasa ukitaja, mchungaji, ule wa mwisho kwa kweli..."

"Ule wa mwisho una nini?"

"Hauishi!"

Mama Funguo akapiga sufuria kwa mwiko. Haikusaidia. Wakatia saini kwa hasira hata karatasi ikatoboka, wakatoka mmoja akipita mlangoni, mwingine akitaka kupita dirishani ili wasipishane, ila tumbo halikumruhusu. Kuna mtu aliyeingia chumbani humo akiwa na rafiki wa miaka ishirini, akatoka akiwa na kero tatu zilizothibitishwa. Walikuwa wawili wa namna hiyo.

Mama Funguo akabaki na vikombe vitatu vya chai, akavinywa vyote. Rohoni alijiambia kwamba angalau chumba kimepona.

Alhamisi afisa akaja, akasoma fomu, na uso wake ukang'aa kama wa bwana harusi. "Hizi ni kero za daraja la kwanza! Maji, kelele, viatu, urefu wa ibada! Wilaya nzima haijapata kero zilizokomaa hivi. Hongereni sana."

"Kwa hiyo cheti tumepata," Mama Funguo akasema.

"Hapana, mama. Kifungu cha thelathini na moja. Watu wenye kero za daraja la kwanza hawaruhusiwi kutumia jengo moja mpaka wamalize siku tisini za usuluhishi. Itakuwa hatari sana. Wanaweza kugombana."

Fundi na kinyozi, waliokuwa wamekaa pembe mbili za ukumbi wakipeana migongo, wakageuka kwa pamoja.

"Subiri, mwanangu," Mama Funguo akasema taratibu. "Tukiwa hatuna kero, mnafunga."

"Ndiyo."

"Tukiwa nazo, mnafunga."

"Ndiyo. Sheria haina upendeleo."

"Na katika hizo siku tisini ukumbi utakaa mtupu?"

Afisa akakohoa. Hakuwa mtu mbaya, aliona haya kidogo. "Serikali haiwezi kuacha jengo likae bure. Idara haina ofisi, mama. Siku tisini hizo, zinazoweza kuongezwa, Idara itakuwa humu. Mkurugenzi ameshapima mapazia. Na kile chumba cha nyuma, kwa mujibu wa mchoro, ni choo chake."

Mama Funguo akawaza kitanda chake, akawaza na mahali kilipo kitanda hicho, akawaza na Mkurugenzi amekaa hapohapo anasoma gazeti.

"Choo?" fundi akasema.

"Choo?" kinyozi akasema.

Wakatazamana kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Afisa," fundi akasema, "sasa tuna kero moja ya pamoja. Iandike."

Afisa akapekua jalada mbele na nyuma. "Kero ya pamoja haina fomu."

Alipoondoka, kinyozi akasogea mpaka aliposimama fundi, akasema kama anayeongea na ukuta kwamba angeweza kuweka zulia chini ya ngoma. Fundi naye akauambia ukuta uleule kwamba ndoo zinaweza kuhamia upande wa bomba. Ukuta haukujibu, lakini wakaelewana.

Mama Funguo hakuwa na muda wa kuta. Aliketi mlangoni na kile kijitabu cha muhtasari, kidole chini ya kila neno, akasoma jioni nzima kama mtu anayechambua mchele. Mawe yalikuwa mengi. Lakini kwenye kifungu cha sabini na saba kidole chake kilisimama, kikarudi nyuma, kikapita tena polepole. Kilisema hivi: kauli ya Mkurugenzi aliyoitoa hadharani itakuwa ni mwongozo, na mwongozo hutangulia fomu zote.

Akafunga kijitabu. Akaenda kuchagua khanga nzuri.

Ijumaa saa nne, yaani saa tano na robo, gari lenye bendera likafika. Mkurugenzi alikuwa mtu mkubwa kwa kila upande, na mkononi alishika kufuli jipya lililofungwa utepe mwekundu, kwa kuwa hata kufunga kuna sherehe yake. Waandishi watatu walikuwepo, mmoja na kamera. Waumini wa Ijumaa walikuwa wameshaanza kufika na kusimama nje na kofia zao. Wale wa Jumapili nao walikuja, ingawa haikuwa siku yao, wakasimama palepale.

Mkurugenzi akahutubu. Akasema uvumilivu ni nguzo. Akasema pia ni daraja, ni mwavuli, na ni mbegu. Akasema kwa masikitiko kwamba ukumbi huu umebainika kuwa na uvumilivu usiokidhi viwango, na akanyanyua kufuli ili kamera ilione vizuri.

"Mheshimiwa baba," Mama Funguo akasema, akapiga goti kidogo, kiasi cha kutosha kwa picha. "Kabla hujafunga, tuachie somo. Sisi huku chini ni wajinga. Hatukukereka, tukaanguka mtihani. Tukakereka, tukaanguka tena. Tuonyeshe mtu mmoja tu katika nchi hii aliyefaulu, tumtazame, tumuige."

Waandishi wakageuza kalamu. Mkurugenzi akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona kamera, na kamera ilikuwa inamwona yeye.

"Si mbali," akasema. "Yuko mbele yenu."

"Wewe mwenyewe, baba!" Mama Funguo akashika kifua.

"Mimi mwenyewe. Nina dereva. Si wa dini yangu. Nimekaa naye gari moja miaka kumi na miwili, asubuhi na jioni, jua na mvua. Na katika miaka yote hiyo dini yake haijawahi kunikera hata siku moja. Hata dakika moja! Huo, mama, ndio uvumilivu kamili."

Afisa akamsogelea sikioni. "Mzee, bila kero, kwa fomu yetu..."

"Fomu ni nini mbele yangu?" Mkurugenzi akanguruma, maana kamera ilikuwa bado inazunguka. "Andika! Kuishi pamoja bila kero ndio uvumilivu kamili. Asiyekubali na aje aniambie mimi!"

"Kifungu cha sabini na saba," Mama Funguo akasema kwa sauti ndogo, kama anayejikumbusha chumvi.

Afisa alikuwa mtu wa vifungu. Ilikuwa ndiyo dini yake, kama unanielewa. Akasimama wima, akafikiri, na macho yake yakamtoka taratibu. Kauli imetolewa. Hadharani imetolewa. Mwongozo hutangulia fomu. Akafungua jalada, akamtazama fundi, akamtazama kinyozi.

"Nyinyi wawili. Kabla sijawapa fomu siku ya Jumanne, mlikuwa na kero zozote za kidini?"

"Hata dakika moja," wakajibu kwa pamoja, na kinyozi akamsukuma fundi kwa kiwiko asiseme lolote kuhusu bisibisi.

Afisa akaenda garini, akarudi na cheti, akakiweka juu ya goti, akakigonga muhuri. Mlio wake ulikuwa mtamu. Akamkabidhi Mama Funguo kwa mikono miwili, akaeleza kwa sauti ya kiofisi kwamba cheti kikishagongwa muhuri hakifutwi ila kwa Bunge kuketi, na Bunge lilikuwa likizo. Mama Funguo akakitumbukiza kifuani, mahali ambapo hakuna Bunge linaloweza kufika.

Watu wakapiga vigelegele. Mkurugenzi, ambaye hakuwa ameelewa vizuri ni kitu gani kimetokea, akadhani anashangiliwa yeye, akapunga mkono wenye kufuli.

"Mheshimiwa," akasema mwandishi mwenye kamera, "hii ndiyo picha ya ukurasa wa mbele. Wewe na dereva wako mmekumbatiana. Yuko wapi?"

"Hakuna haja, ana kazi," Mkurugenzi akasema.

Lakini waumini wa Jumapili walikuwa wameshamtoa garini, na wale wa Ijumaa wakampokea, mkono kwa mkono, mpaka akafika mbele, mwanamume wa makamo, anafuta vumbi la dashibodi viganjani. Mkurugenzi hakuwa na la kufanya, akamkumbatia. Kamera ikawaka.

"Kaka, tupe neno," mwandishi akasema. "Miaka kumi na miwili na mzee. Siri yake nini?"

Dereva akatazama juu, akatazama chini, kama mtu aliyeulizwa njia katika mji mgeni. "Kumi na miwili? Labda mnamtafuta mwingine. Mimi nimeanza Jumatatu hii."

"Anatania," Mkurugenzi akasema, akambana bega. "Huyu bwana ni mtu wa utani sana."

"Na dini yako?" mwandishi akauliza.

"Hiyohiyo ya mzee. Ndilo swali la kwanza nililoulizwa kwenye usaili. Mwenye dini ile nyingine ni yule wa kabla yangu, ndiye wa hiyo miaka kumi na miwili. Yeye aliachishwa wiki iliyopita. Nasikia aliomba nusu saa ya kwenda kusali."

Mkono wa Mkurugenzi ulikuwa bado uko begani kwa dereva, umesahauliwa pale. Hakuna aliyecheka. Mama Funguo alitaka, lakini alikuwa na cheti kifuani na aliogopa kukikunja.

Ni afisa peke yake aliyesogea, akatoa kalamu ya pili kwa kuwa ya kwanza ilikuwa imekwisha wino, akakunjua fomu mpya juu ya boneti la gari.

"Mzee," akasema kwa heshima zote, "hiyo nusu saa, niiandike kero ya daraja la ngapi?"